Aliyerukwa Ndiye Aliyevaa Pete

Hiyo klipu umeiona. Hata kama hujawahi kukaa ukatazama mechi nzima ya mpira wa vikapu, imekupitia mahali. Jamaa mdogo mwenye nywele za kusukwa, mkono mmoja umevalishwa kitambaa cha kubana, amesimama kwenye kona mbele ya benchi la wapinzani. Anamyumbisha anayemkaba, anarudi nyuma, anatupa. Mpira unaingia. Aliyekuwa anamkaba ameanguka karibu na miguu yake. Jamaa anamwangalia, anainua mguu juu kuliko inavyohitajika, kama mtu anayevuka mtaro wa maji machafu, anamruka na kwenda zake. Sekunde chache tu. Basi.

Anayeruka ni Allen Iverson wa Philadelphia 76ers. Anayerukwa ni Tyronn Lue wa Los Angeles Lakers. Ni usiku wa tarehe 6 Juni 2001, mechi ya kwanza ya fainali ya NBA, dakika za nyongeza. Huku kwetu kulikuwa kumekucha tarehe 7, watu wako stendi wanangoja matatu. Mimi nilikuwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni.

Klipu yenyewe nilikuja kuletewa ukubwani. Mwaka niliotoka chuo bila cheti, nilitumiwa na watu watatu tofauti, wote wa nia njema. Mmoja aliandika chini yake: kaza, utawaruka wote. Nilishukuru. Nikaitazama tena na tena usiku, nikiwa nimelala kwenye godoro la binamu yangu, na kila mara nilihisi kifua kimepanuka kidogo. Asubuhi kifua kilikuwa kimerudi saizi yake.

Baadaye nikafanya kitu ambacho ningepaswa kukifanya mapema. Nilitafuta mechi zote tano za fainali ile nikazitazama moja baada ya nyingine, mwanzo mpaka mwisho. Nikagundua kwamba hadithi niliyokuwa nimetumiwa ilikatwa mahali pabaya. Na waliotukatia walijua walichokuwa wanaacha nje.

Tuanze na matokeo, kwa sababu klipu haiyataji. Mechi ya kwanza, Sixers walishinda 107 kwa 101, ugenini. Ya pili Lakers wakashinda 98 kwa 89. Ya tatu Lakers tena, 96 kwa 91. Ya nne 100 kwa 86. Ya tano 108 kwa 96. Nne kwa moja, mambo yakaisha. Yule jamaa aliyeruka hakurudi fainali tena maisha yake yote ya uchezaji. Yule aliyerukwa, tarehe 15 Juni, siku tisa baada ya kurukwa, alikuwa bingwa. Na haikuwa mara yake ya kwanza, kwa sababu Lakers walikuwa wamechukua ubingwa wa 2000 pia akiwa nao.

Sisemi haya ili nimcheke Iverson. Nampenda kuliko mchezaji yeyote ambaye sikumwona akicheza moja kwa moja. Nasema kwa sababu tumekuwa tukiisoma picha ile kana kwamba ndiyo mwisho wa kitabu, na kumbe ni ukurasa wa kwanza wa sura ya mwisho.

Shida ya kwanza iko kwenye neno mnyonge. Kila simulizi ya fainali ya 2001 inaanza kwa kutuambia Sixers walikuwa wanyonge. Sawa. Hebu angalia msimu wenyewe. Lakers walishinda mechi 56 wakapoteza 26. Sixers walishinda mechi 56 wakapoteza 26. Hapana, sijakosea kunakili. Rekodi ni ile ile. Tena mwaka huo Iverson ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa ligi nzima. Kocha bora alikuwa Larry Brown, wa Sixers. Mlinzi bora alikuwa Dikembe Mutombo, wa Sixers. Mchezaji bora wa kutoka benchi alikuwa Aaron McKie, wa Sixers pia. Hao ndio wanyonge wetu: timu iliyobeba tuzo nne kubwa na kumaliza ya kwanza upande wake wa mashariki.

Sasa mbona kila mtu aliwaona wadogo? Sababu zipo, na zinahesabika. Lakers walifika fainali bila kupoteza mechi hata moja ya mchujo, 11 kwa 11. Sixers walifika wakiwa wamecheza mechi 18. Raptors waliwasumbua mpaka mechi ya saba, na hapo walipona kwa sababu mtupo wa mwisho wa Vince Carter ulikataa. Bucks nao wakawafikisha mechi ya saba. Kufikia fainali, McKie alikuwa na kifundo kibovu, Eric Snow alikuwa anachezea mguu uliovunjika kidogo, George Lynch alikuwa ameumia mguu. Na upande wa pili kulikuwa na Shaquille O'Neal, futi 7 na inchi 1, katika ubora wake, na Kobe Bryant, kijana aliyelelewa pembeni mwa Philadelphia hiyo hiyo.

Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka tuishike. Unyonge wa Sixers haukuwa tabia yao, haukuwa damu yao, haukuwa kipaji cha moyo. Ulikuwa hali ya wiki ile: uchovu, mifupa, na jamaa mmoja mkubwa asiyezuilika. Ukimwita mtu mnyonge kama vile ni kabila lake, huhitaji tena kuuliza ni nini kilichomchosha. Unamtumia klipu tu. Tumeona hata siasa zetu zikifanya hivyo. Kampeni za 2022 zilijengwa juu ya neno hasla, na neno lilivyozidi kunoga majukwaani ndivyo swali la kwa nini watu wanahangaika lilivyozidi kusahaulika.

Halafu kuna suala la moyo. Hadithi ya mnyonge kama tunavyouziwa siku hizi inadai kwamba kinachoshinda ni moyo. Penye nia pana njia, ilivyoandikwa kwenye ukuta wa darasa langu la shule ya msingi, karibu na picha ya mfumo wa mmeng'enyo wa chakula. Lakini ngano tulizosimuliwa tukiwa wadogo hazikusema hivyo. Sungura hamshindi Simba kwa kuwa na moyo mkubwa. Anamshinda kwa sababu anajua kisima kiko wapi, na anajua Simba akiona sura yake majini ataruka ndani. Sungura ana maarifa kuhusu Simba. Akikosa hayo maarifa, analiwa, na hakuna anayeisimulia.

Usiku wa kwanza Sixers walikuwa na kisima. Kasi ya Iverson ilikuwa kitu ambacho Lakers hawakuwa wamekikabili kwa muda. Kufika mapumziko alikuwa na pointi 30. Wakambadilishia watu, hakuna aliyemweza, mpaka kipindi cha pili Phil Jackson alipomwingiza Lue, kijana mwepesi wa kimo chake. Na hapa ndipo klipu inapodanganya zaidi. Lue alimkaba vizuri. Alimfuata kila kona kama deni, na Iverson akapungua kasi sana. Lakers wakapata nafasi ya kurudi mchezoni na kuusukuma mpaka dakika za nyongeza. Kwa hiyo mtu anayerukwa kwenye picha si boya aliyepitwa. Ni yule aliyefanya kazi ngumu kuliko wote usiku ule, akashindwa mara moja, na mara hiyo moja ndiyo iliyopigwa picha. Ukifikiria vizuri, ndani ya fremu ile mnyonge ni yeye.

Iverson alimaliza na pointi 48. Shaq alimaliza na 44, pamoja na ribaundi 20. Hata hizo 44 za aliyeshindwa zilikuwa zinatuambia kitakachofuata, ila nani anasikiliza usiku wa sherehe.

Kuanzia mechi ya pili kisima kilizibwa. Kila Iverson alipoingia ndani alikuta miili miwili, mitatu. Alitupa mara 29, zikaingia 10. Upande wa pili Shaq akapata pointi 28, ribaundi 20, pasi 9 za mabao, na mitupo 8 aliyoizuia kwa mkono wake. Soma hesabu hiyo tena polepole.

Mtu aliyepewa kazi ya kukaa mbele ya hesabu hiyo kwa mechi tano hayuko kabisa kwenye klipu. Anaitwa Dikembe Mutombo, Mkongo wa Kinshasa, futi 7 na inchi 2, wakati huo akiwa na miaka karibu 35. Sixers walikuwa wamemchukua kutoka Atlanta mwezi Februari mwaka huo huo. Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza: simama hapo, Shaq atakuja kwa mgongo, usirudi nyuma. Anakuja. Bega linakugonga kifuani mara moja, mara mbili, mara ya tatu uko chini ya kikapu na yeye yuko hewani. Unaokota mpira, unakimbia upande wa pili, unarudi, anakuja tena. Jioni baada ya jioni.

Shaq alimaliza fainali ile na wastani wa pointi 33 na ribaundi karibu 16 kwa mechi. Ukiziangalia namba hizo peke yake utasema Mutombo alipepetwa. Lakini Mutombo mwenyewe, mtu aliyesajiliwa kwa ajili ya ulinzi, alikuwa na wastani wa karibu pointi 17 na ribaundi 12 dhidi ya mchezaji bora wa fainali. Hizo si namba za mtu aliyelala. Ni namba za mtu aliyefanya kila kilichowezekana na bado haikutosha. Kwa aina hiyo ya kushindwa hatuna klipu, hatuna wimbo, hatuna maneno ya kuweka kwenye statasi. Kushindwa kwa uzembe tunakujua kukusema. Kushindwa kwa bahati mbaya pia. Kushindwa ukiwa umefanya kazi yako yote, hapo tunanyamaza, tunabadilisha mada.

Iverson na Mutombo walipitia chuo kimoja, Georgetown, chini ya kocha mmoja, John Thompson, kwa miaka tofauti. Iverson aliondoka baada ya miaka 2 akaenda kulipwa. Mutombo, aliyefika Marekani akitaka kuwa daktari, alibaki mpaka akapata shahada. Mimi kwa sababu zangu nilizoea kujiona upande wa Iverson. Nilipomaliza mechi ya tano nilikuwa namtazama mwingine.

Mutombo naye ana picha yake maarufu. Ni ya 1994, akiwa Denver. Timu yake ilikuwa ya nane upande wa magharibi, ikaitoa Seattle iliyokuwa ya kwanza, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea NBA. Filimbi ya mwisho ilipolia, Mutombo alikuwa amelala chali sakafuni, mpira ameushika juu kwa mikono miwili, anacheka kama mtoto. Picha tamu sana. Wanaoisambaza wanaacha nje kilichofuata: raundi iliyofuata Denver walipoteza mechi tatu za kwanza dhidi ya Utah, wakarudi wakashinda tatu, kisha wakapoteza ya saba. Kwangu mimi hiyo sehemu ya Utah ni hadithi kubwa kuliko ya Seattle. Ila haina picha.

Na tusijifanye ni Wamarekani tu. Februari 2021, mjini Yaounde, Kenya Morans walicheza na Angola, mabingwa wa Afrika mara 11. Tylor Ongwae akatupa sekunde ya mwisho, ukaingia, tukashinda 74 kwa 73. Simu zililia nchi nzima. Ilitupeleka AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993. Sasa niambie bila kutafuta mtandaoni: huko Kigali nini kilitokea? Tuliwafunga akina nani? Tulitolewa na nani? Tuliwafunga Mali. Tulitolewa na Sudan Kusini. Wachezaji wale wale, jasho lile lile, miezi michache tu baadaye, na wengi wetu tulikuwa tumeshafunga ukurasa. Mtupo wa Ongwae tunao mpaka leo. Timu yenyewe hatukukaa nayo.

Ndiyo maana nikiulizwa ni mechi gani ya 2001 mtu aitazame, nasema ya tatu. Ilichezwa Philadelphia, tarehe 10 Juni, matokeo yakiwa moja kwa moja. Hapo ndipo mambo yangeweza kugeuka. Shaq alipata faulo ya sita akatoka zikiwa zimebaki zaidi kidogo ya dakika mbili. Fikiria: lile jabali limeenda kukaa benchi, uko nyumbani, uwanja mzima umesimama, na uko nyuma kwa kitu kidogo. Ukiwa unatazama kwa mara ya kwanza, hata kama matokeo unayajua, mwili unakataa kuamini kwamba watapoteza.

Sixers wakasogea mpaka pointi moja. Chini ya dakika moja imebaki. Lakers wanazungusha mpira, unafika kwenye kona kwa Robert Horry, mtu ambaye usiku huo hakuna aliyekuwa anamwogopa kama Shaq na Kobe. Yuko peke yake, kwa sababu mabeki wa Sixers wamevutwa ndani na hatari kubwa zaidi. Anatupa. Pointi tatu. Kelele za uwanja zinakatika kama stima.

Hakuna aliyemruka mtu. Hakuna aliyezembea. Sixers walifanya hesabu ya haki: wazuie wakubwa, umwache huyu. Huyu akawaua. Ukiwa na wachezaji wachache wazima, kila mara utamwacha mtu fulani peke yake kwenye kona. Hiyo ndiyo maana halisi ya kuwa timu ndogo, na mechi ya tatu inaeleza kwa dakika mbili kile ambacho klipu ya Iverson inakificha.

Kuhusu Lue, hadithi yake haikuishia sakafuni. Mwaka 2016 alikuwa kocha wa Cleveland. Timu yake ilikuwa nyuma 3 kwa 1 kwenye fainali, dhidi ya Golden State iliyokuwa imeshinda mechi 73 za msimu. Hakuna timu iliyokuwa imewahi kutoka kwenye shimo hilo katika fainali ya NBA. Cleveland walitoka. Mwaka huo huo Iverson na Shaq waliingizwa pamoja kwenye ukumbi wa magwiji wa mchezo huo, na Mutombo alikuwa ameshatangulia mwaka mmoja mbele yao. Kwa hiyo kocha wa ushindi mkubwa kabisa wa mnyonge katika fainali ni yule yule tunayemcheka kila siku kwenye simu zetu. Kama kuna mtu wa kutumiwa kijana aliyekwama, labda ni yeye, ila angehitaji klipu ya miaka 15.

Mutombo alifariki Septemba 2024. Pale Kinshasa aliacha hospitali aliyoijenga, yenye jina la mama yake, iliyofunguliwa 2007. Nilipoisikia habari ya kifo chake, sikuitafuta ile picha ya Denver. Nilirudi kwenye mechi ya tano, dakika za mwisho, mechi imeshaisha ingawa saa bado inatembea. Shaq anakuja kwa mgongo. Mutombo anapanua miguu, anashusha kiuno, anampokea.

Iverson usiku huo alipata pointi 37. Katika mechi zote tano alitupa mara 162 na zikaingia 66, maana yake 96 zilikataa. Yule rafiki aliyeniandikia nikaze, utawaruka wote, bado tunawasiliana. Wiki iliyopita alinitumia tena klipu ile ile, safari hii kwa sababu yeye ndiye amepoteza kazi na alikuwa anajitia moyo kwa sauti. Nilimjibu kwa kumtumia mechi ya tatu nzima. Akaniuliza ni ya nini, si walipoteza? Nikamwambia aje Jumamosi tuitazame pamoja, nitanunua mutura.